Nafsi, Roho na Upatanisho wa Maneno: Fundisho la Utatu katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Dar es Salaam

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala na Tandika upande wa Temeke, Manzese upande wa Ubungo na Tandale upande wa Kinondoni, Wakristo Wakatoliki hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao. Hukaa mkekani au juu ya viti vya kuazima, husoma Injili ya Jumapili inayokuja, kisha kila mmoja husema lile lililomgusa. Mkutano huo huitwa jumuiya. Mara moja kwa mwaka, Jumapili ifuatayo Pentekoste, somo huwa ni la Utatu Mtakatifu, na hapo mazungumzo hubadilika. Mtu aliyezoea kunena kwa wepesi juu ya msamaha, au juu ya mgonjwa wa nyumba ya pili, huanza kuyapima maneno yake. Maana swali lililo mbele yake si geni mtaani. Amekwisha kuulizwa na majirani, na pengine na wanawe mwenyewe: Je, ni watatu, au ni mmoja?

Swali hilo kwa desturi huachiwa wanateolojia. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili ni swali la lugha pia, kwa kuwa Kiswahili hakimruhusu mtu kutaja kitu na kukisemea pasipo kukitia katika ngeli. Kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza juu ya Mungu, amekwisha kuchagua kiambishi, na kiambishi hicho chasema mengi kuliko anavyodhani. Makala hii yakusudia kueleza jinsi maneno ya Utatu yalivyopatikana katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba mengi yanayobishaniwa leo katika jumuiya yalikwisha kuamuliwa na wafasiri wa zamani, si kwa majina waliyoyateua tu, bali kwa upatanisho wa sarufi.

Asili ya jumuiya

Ukristo wa Dar es Salaam ni mchanga kuliko ule wa Zanzibar na Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwapo Zanzibar tangu mwaka 1863, na Bagamoyo tangu 1868. Walutheri kutoka Berlin walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887. Wabenediktini wa Ujerumani walifika Pugu, nje ya mji, mwaka 1888, na kituo chao kikaharibiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili karibu na bandari, yalikamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa muda mrefu dini ilifundishwa katika vituo vya namna hiyo na katika shule zao. Katekista aliuliza, mwanafunzi akajibu kwa maneno aliyoyakariri. Aulizwapo juu ya Mungu, alijibu kwamba ni mmoja katika Nafsi tatu. Wala hakuombwa kueleza nafsi ni nini.

Mambo yalibadilika mji ulipokua. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliipa Dar es Salaam wakazi wapatao 270,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliupa mkoa huo watu 5,383,728. Parokia moja haikuweza tena kuwajua waumini wake wote kwa nyuso. Katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 mjini Nairobi, maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikata shauri kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani. Katika Tanzania shauri hilo lilikuta njia imekwisha kufyekwa, kwa sababu TANU ilikuwa imewazoeza wananchi mpango wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960. Kardinali Laurean Rugambwa alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam tangu 1968 mpaka 1992, na katika miaka hiyo jumuiya zilienea mitaani. Walutheri nao wana ibada zao za jumuiya majumbani.

Jambo la kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha ni hili: jumuiya ilimwondolea katekista haki yake ya kusema peke yake. Fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama auzaye vitumbua na kijana aliyetoka Mwanza mwaka jana, wote hupewa nafasi ya kueleza Injili kwa maneno yao. Kanuni iliyokaririwa kwa miaka mingi haikuwa na budi kufunguliwa, na ilipofunguliwa, maneno yaliyomo ndani yake yakadaiwa maana.

Maneno yalivyopatikana

Wamisionari wa kwanza waliikuta pwani ikiwa na msamiati wa dini uliokwisha kukomaa. Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1844. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870, na kabla ya kufa mwaka 1882 alikuwa ameifanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Hawakuwa na haja ya kubuni jina la Mungu. Lilikuwapo, tena ni la Kibantu, ingawa katika maandishi ya karne ya 19 mara nyingi liliandikwa Muungu. Roho na nafsi yalikuwapo pia, yote mawili kutoka Kiarabu, na yote mawili yamezoeleka vinywani mwa Waislamu.

Lakini Wakristo wa nchi za Kiarabu walikuwa na istilahi zao wenyewe kwa ajili ya fundisho hili. Utatu waliuita thaluthi, kwa matamshi ya Kiswahili, na kila mmoja wa hao watatu walimwita uknumi, neno lililotoka Kisiria. Kiswahili hakikuyapokea. Badala ya la kwanza kiliunda neno kwa mizizi yake, utatu, kama kilivyounda umoja na wingi. Badala ya la pili kilichukua nafsi, neno la kila siku. Hasara na faida za uteuzi huo zaonekana mpaka leo. Utatu haueleweki kwa shida na mtoto wa darasa la tatu. Nafsi, kinyume chake, yaeleweka upesi mno, na kwa maana isiyokusudiwa.

Hapa yafaa kuondoa kosa dogo linalotokea mara kwa mara. Baadhi ya watu huona kwamba kiambishi m- katika Utatu Mtakatifu ni kile kile cha Roho Mtakatifu. Sivyo. Utatu umo katika ngeli ya U, na sifa zake huchukua m- kwa kanuni, kama katika ukuta mkubwa au ugonjwa mbaya. M- ya Roho Mtakatifu ina asili nyingine kabisa, nayo yastahili kuangaliwa peke yake.

Roho Mtakatifu na roho takatifu

Roho ni jina la ngeli ya N. Katika usemi wa kawaida sifa zake na vitendo vyake hufuata ngeli hiyo: mtu ana roho nzuri, roho yake imetulia, na bahili huambiwa kwamba ana roho ya korosho. Kwa kanuni hiyo ingetazamiwa kusemwa roho takatifu, nayo inashuka. Wafasiri waliandika Roho Mtakatifu, naye anashuka. Waliitumia kanuni nyingine, iliyo na nguvu kuliko ile ya kwanza, kwamba mwenye uhai hupatanishwa kama mtu hata jina lake likiwa katika ngeli nyingine: kipofu amepona, kiongozi amefika, ng'ombe amezaa. Kwa herufi moja waliungama kwamba Roho si kitu cha Mungu, bali ni nani.

Lakini hawakufanya hivyo kila mahali. Tafsiri ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, yaonyesha mpaka dhahiri. Katika mlango wa kwanza wa Mwanzo, Roho aliye juu ya maji hupatanishwa kwa ya na kwa i-. Katika Isaya 61:1 upatanisho ni huo huo. Lakini katika Luka 4:18, Yesu asomapo maneno yale yale ya Isaya katika sinagogi la Nazareti, Roho amekuwa wa Bwana, na kitenzi kimekuwa yu. Sentensi ni moja, kitabu ni kimoja kati ya majalada mawili, na tofauti ni viambishi tu. Wafasiri walihukumu kwamba nabii alinena juu ya nguvu au pumzi ya Mungu, na kwamba mwinjili alinena juu ya Nafsi. Hukumu hiyo haikuandikwa katika dibaji yoyote ambayo mkaa mkekani aweza kuisoma. Imo ndani ya sarufi.

Neno, katika mlango wa kwanza wa Yohana, lilitendewa vivyo hivyo. Ni jina la ngeli ya JI, na kila mtu husema neno hili limenena. Lakini katika Tafsiri ya Muungano Neno ni naye, na kitenzi chake huanza kwa a-.

Upande wa pili wako Mashahidi wa Yehova, ambao tafsiri yao huandika roho takatifu, kwa herufi ndogo na kwa upatanisho wa ngeli ya N, kwa kuwa hufundisha kwamba roho hiyo ni nguvu aitumiayo Mungu, wala si nafsi. Mkatoliki wa Tandika anayebishiwa hodi na wahubiri hao huisikia tofauti ya mafundisho kabla haijaelezwa. Huisikia katika kivumishi. Ndiyo maana ubishi wa mlangoni mara nyingi hugeuka kuwa ubishi wa sarufi. Mmoja hushika Luka, mwingine hushika Isaya, na kila mmoja hudhani kiambishi kimemshuhudia.

Wote wawili hukosea, na kosa lao ni moja. Katika Kiyunani jina la Roho, pneuma, si la kiume wala la kike, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulipomkiri Roho kuwa Bwana na mpaji wa uzima, ulimkiri kwa upatanisho huo huo usio wa kiume wala wa kike. Hakuna aliyeona kwamba sarufi imelikana fundisho. Katika Kiebrania jina hilo kwa kawaida ni la kike. Lugha hizo ziliweza kuacha swali la nani au nini bila jibu katika kivumishi, na kulijibu mahali pengine. Kiswahili hakikuwa na nafasi hiyo, kwa sababu upatanisho wake huambatana na uhai. Mfasiri alilazimika kuchagua. Basi alichokiandika ni ungamo lake na la Kanisa lake, nalo lina heshima yake. Lakini si hoja itokayo katika maneno ya Isaya mwenyewe, wala ya Luka.

Tena upatanisho wa watu hauthibitishi umungu. Biblia hiyo hiyo husema pepo mchafu, si pepo chafu, kwa sababu pepo katika Injili hunena na kusihi. Kinyume chake, kila Mkristo husema Baba yetu kwa y- ya ngeli ya N, kama asemavyo rafiki yangu au ndugu yangu, na hakuna anayefikiri kwamba kwa y- hiyo amemfanya Baba kuwa kitu. Kiambishi hutuambia kwamba kuna anayetajwa. Hakituambii ni nani huyo.

Nafsi tatu

Neno nafsi lina matatizo yake. Katika usemi wa kila siku ni ule utu wa ndani ambao mtu huugombeza, huujutia na kuudanganya. Mtu husema amejidhulumu nafsi yake. Msikilizaji aliyezoea maana hiyo, aambiwapo kwamba ziko Nafsi tatu, husikia wenyewe watatu, kila mmoja na dhamiri yake na matakwa yake. Kutoka hapo mpaka miungu watatu ni hatua moja. Ni kweli kwamba lugha imemwekea kizuizi: nafsi huhesabiwa tatu, si watatu, kwa kuwa imo katika ngeli ya N; kwa hiyo kanuni ya katekisimu yaweza kuhesabu bila kutamka neno lile ambalo mtaa mzima unalingoja. Lakini kizuizi hicho ni chembamba, na swali la kwanza la jumuiya hukiruka.

Neno hilo lina maana nyingine, ambayo kila aliyepita shule ya msingi aliifundishwa, ingawa si katika somo la dini. Ni nafsi ya sarufi: nafsi ya kwanza ndiye asemaye, ya pili ndiye asemeshwaye, ya tatu ndiye asemwaye. Kufanana huku si kwa Kiswahili peke yake. Wanasarufi wa Kiyunani na wa Kilatini walikuwa wakiyatumia maneno prosopon na persona kwa maana hiyo kabla ya Wakristo kuyachukua kwa ajili ya Mungu. Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3, alipambana na Praxeas aliyesema kwamba Baba ndiye Mwana. Njia yake mojawapo ilikuwa kuyafungua Maandiko na kuuliza ni nani asemaye, anasema na nani, na anasema juu ya nani. Asemaye na asemeshwaye hawawezi kuwa mmoja kwa namna ile ile.

Njia hiyo haihitaji elimu ya Kilatini, nayo imo mkononi mwa kila msomaji wa jumuiya. Katika habari ya ubatizo wa Yordani, sauti itokayo mbinguni kwa Marko na Luka huanza na Wewe. Kwa Mathayo huanza na Huyu. Katika mlango wa 17 wa Yohana Mwana husema mimi na kumwita Baba wewe. Katika mlango wa 16, ambao husomwa siku ya Utatu mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo, Roho ndiye yeye, atakayekuja na kuongoza. Nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu zimo katika usomaji, wala hazina majina ya kudumu: aliyekuwa wewe hapa ni mimi pale. Kwa kuliona hilo mtu huanza kuelewa kwamba nafsi, katika kanuni aliyoikariri, haikutajwa ili kugawanya umungu mafungu matatu. Ilitajwa kwa sababu katika Maandiko Mungu hunena na kujibiwa.

Mfano wa mwisho ni Yohana 10:30. Katika Tafsiri ya Muungano, baada ya kujitaja mwenyewe na Baba, Yesu hutumia kitenzi tu, cha wingi, na kinachofuata ni umoja. Hakusema mmoja. Kiyunani kina tofauti hiyo hiyo, na Tertullian aliijengea hoja katika Kilatini: unum, si unus. Kiswahili kimeihifadhi kwa u- mahali ambapo Kiyunani kilitumia jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. Kama mfasiri angeandika mmoja, Praxeas angalifurahi. Kama angeacha tu na kuweka ni, wingi ungalipotea. Viambishi viwili, tu na u-, vimebeba fundisho lote la Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ambalo ungamo la imani la Kikatoliki hulieleza kwa kumpa Mwana umungu mmoja na Baba.

Mifano ya nyumbani

Watu wasiposhika sarufi hushika mifano. Mfano wa mafiga hupendwa sana, kwa kuwa kila mmoja amewahi kuona mawe matatu yakibeba chungu kimoja. Lakini mafiga ni matatu kabisa. Moja laweza kuondolewa na kutupwa, na umoja wao ni wa kazi tu. Mfano wa maji, barafu na mvuke hupendwa na waliosoma sayansi. Nao huanguka upande wa pili, maana maji yale yale hayawezi kuwa barafu na mvuke kwa wakati mmoja, na hapo Praxeas amerudi. Wengine hutetea jina la Mwana kwa kukumbusha kwamba mwananchi hakuzaliwa na nchi, wala mwanamaji na maji. Hoja hiyo humridhisha jirani kwa muda, lakini hutoa zaidi ya inavyopaswa, kwa sababu Nikea ilisema kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa.

Majirani

Mazungumzo haya hayafanyiki nyuma ya ukuta. Nyumba ya jumuiya aghalabu ina majirani Waislamu, ambao Kurani imewaonya wasiseme tatu, katika sura ya 4, aya ya 171, na ambao wamefundishwa na wafasiri wao kwamba Roho Mtakatifu ni malaika Jibrili. Hao nao husikia upatanisho wa mtu katika jina hilo, na hawaukatai; wanachokikataa ni umungu. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya hadhara, ambamo wahubiri wa Kiislamu walitumia Biblia kupinga umungu wa Yesu, na wahubiri wa Kikristo wakawajibu kwa ukali huo huo, iliwafanya wengi waamini kwamba jambo hili ni la kushinda na kushindwa. Februari 1998 machafuko yalizuka karibu na msikiti wa Mwembechai, Magomeni, katika wilaya ya Kinondoni ya wakati ule, na watu waliuawa. Chanzo chake kilikuwa na mambo mengi, lakini ugomvi juu ya mihadhara ulikuwamo. Baada ya siku hizo hakuna awezaye kusema kwamba maneno ya fundisho ni mchezo wa wasomi.

Mkristo asiyejua kwamba nafsi ina maana mbili hujibu swali la jirani kwa sauti kubwa, kwa kuwa hana kingine cha kujibu. Ajuaye aweza kusema: nafsi ninayoitaja siyo ile unayoisikia. Pengine jirani hatakubaliana naye, wala hapaswi kulazimishwa. Lakini watakuwa wanahitilafiana juu ya Mungu, si juu ya neno, na hitilafu ya namna hiyo yaweza kukaa katika ua mmoja.

Hitimisho

Historia hii yaonyesha mambo mawili. La kwanza, wafasiri wa Kiswahili walikuwa waamuzi wa mafundisho, na hukumu zao nyingi zimo katika viambishi ambavyo kamusi hazivitaji. Kamusi husema kwamba roho ni ya ngeli ya N na kupita. Haisemi kwamba kuna Roho wa ngeli ya watu, wala tangu lini, wala kwa nini Isaya hakupewa. Upungufu huo wastahili kurekebishwa na watunzi wa kamusi. La pili, msemaji wa kawaida ana ujuzi wa lugha unaotosha kwa mazungumzo mazito, ikiwa ataonyeshwa kwamba anao. Mama wa Mbagala hajasoma Tertullian. Lakini hawezi kukosea kati ya umoja na mmoja, wala kati ya wewe na huyu. Mwenyekiti wa jumuiya akimwuliza tu, katika sentensi aliyoisoma sasa hivi, ni nani asemaye na anasema na nani, atakuwa amemfikisha mahali ambapo mababa wa Kanisa walianzia.